Mechi Tano Zimeshinda, Pesa Iko Wapi? Historia Fupi ya Namba za Kubeti

Zamu hii ni yangu. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya historia ya Nakivale, jinsi kambi ilivyoanza mwaka 1958 na watu waliotutangulia hapa. Hiyo itakuja siku nyingine. Leo naandika kwa sababu ya swali moja ambalo mama aliuliza nyumbani, na mimi nikashindwa kulijibu.

Ilikuwa Jumapili jioni. Mama alikuwa amempa mdogo wangu shilingi 5,000 apeleke mahindi kwenye mashine ya kusaga. Mdogo wangu ana miaka 19. Mahindi aliyaacha kwa rafiki yake, akapita kwanza kwenye kibanda cha kubeti, akacheza tiketi ya mechi sita. Wenzetu wa Tanzania wanaita mkeka, sisi hapa tunasema tiketi tu. Namba zake, zile odi, zilikuwa hivi: 1.45, 1.60, 1.50, 1.75, 1.40 na 1.90. Chini ya karatasi iliandikwa kwamba akishinda atapata shilingi 80,997.

Mechi tano zilishinda. Ya sita ilikuwa inashinda mpaka dakika za mwisho, halafu wakasawazisha. Sare. Kijana akarudi nyumbani na mahindi mazima, hayajasagwa, na karatasi mfukoni. Usiku huo hatukula bugali.

Mama hakupiga kelele. Aliangalia ile karatasi muda mrefu, halafu akauliza: "Unaniambia tano imeshinda. Sasa feza ya zile tano iko wapi?"

Mdogo wangu akacheka kidogo, akasema, "Mama, wewe haujuwe mambo ya mpira." Mimi sikucheka. Nimemaliza sekondari, na hesabu nilipita vizuri, lakini sikuwa na jibu. Nani aliamua kwamba tano kati ya sita ni sawa na sifuri? Na ile namba 1.45 inatoka wapi? Nani anaiandika? Nikaanza kusoma kwenye simu na kwenye kompyuta za kituo cha vijana. Niliyoyapata ndiyo haya.

Swali la mama lina karibu miaka 400

Watu wamecheza kamari tangu zamani sana, kwa mifupa, kwa dadu, kwa mbio za wanyama. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejua kupiga hesabu ya bahati. Watu walisema ni Mungu, au ni nyota, au ni mkono mzuri.

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya tatizo moja la wacheza kamari. Tatizo lenyewe ni hili: watu wawili wanacheza, na mchezo unakatizwa kabla ya kwisha. Mmoja yuko mbele. Pesa iliyo mezani igawanywe namna gani?

Ukiangalia vizuri, hilo ni jirani kabisa wa swali la mama.

Pascal alitoa mfano. Kila mmoja ameweka sarafu 32, jumla 64. Anayefikisha ushindi mara tatu anachukua zote. Wa kwanza ameshinda mara mbili, wa pili mara moja, halafu mchezo ukasimama. Pascal akasema, tufikiri kuhusu mzunguko unaofuata. Wa kwanza akishinda, anabeba zote 64. Akishindwa, wanakuwa mbili kwa mbili, wako sawa, basi kila mtu achukue 32 zake. Maana yake ni kwamba hata akishindwa, 32 ni zake tayari. Zile 32 zingine ziko katikati, nusu kwa nusu, kwa hiyo apewe 16 zaidi. Jibu: wa kwanza 48, wa pili 16.

Mimi niliposoma hapo nilirudia mara tatu, halafu nikaelewa. Kumbe bahati inaweza kupewa bei. Bei ya haki. Huhitaji kujua nani atashinda kesho, unahitaji kujua njia ziko ngapi na kila njia ina uzito gani.

Siku hizi kampuni nyingine zina kitufe kwenye simu cha kuchukua pesa kabla mechi hazijaisha. Unaona wanakupa kiasi kidogo kuliko kile kikubwa ulichokuwa unasubiri. Kitufe hicho ni hesabu ileile ya Pascal, ila kampuni imekata kitu chake kwanza. Na hapo tunafika kwenye sehemu ya pili ya historia, kwa sababu Pascal na Fermat walitafuta bei ya haki. Hawakuwa wanauza kitu.

Mtu wa kitabu

Tuvuke sasa twende Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1700, kwenye mbio za farasi za Newmarket. Kabla ya hapo matajiri walikuwa wanabetiana wao kwa wao. Mimi nasema farasi huyu, wewe unasema hapana, tunawekeana dau, basi. Inasemekana mtu mmoja aitwaye Harry Ogden ndiye alibadilisha mambo. Yeye alisimama na kutoa bei kwa kila farasi, bei tofauti kwa kila mmoja, na mtu yeyote angeweza kuja kununua. Waliofanya kazi hiyo waliandika madau yote kwenye kitabu. Ndiyo maana mpaka leo jina lao kwa Kiingereza linatokana na kitabu: ni watengeneza kitabu.

Ujanja wa kitabu hauko kwenye kujua farasi gani atashinda. Uko kwenye kupanga bei zote kwa pamoja. Nitaeleza kwa mpira, maana ndio tunaujua.

Tuseme kuna mechi, na odi ni hivi: timu ya nyumbani 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40.

Kwanza tuelewane odi ni nini. Odi 2.10 maana yake ukiweka 1,000 na ukashinda, unapewa 2,100. Lakini ndani ya hiyo 2,100 kuna 1,000 yako mwenyewe. Faida ni 1,100. Vijana wengi wanasahau hapo, wanahesabu pesa yao wenyewe kama faida.

Sasa chukua 100, igawe kwa odi. Utapata asilimia ambayo ile bei inabeba. 100 gawa kwa 2.10 ni 47.62. 100 gawa kwa 3.20 ni 31.25. 100 gawa kwa 3.40 ni 29.41. Jumlisha zote tatu: 108.28.

Simama hapo. Mechi ina mambo matatu tu: nyumbani, sare, mgeni. Uwezekano wa yote matatu kwa pamoja ni 100, hauwezi kuwa 108. Ile 8.28 ya ziada imetoka wapi? Hiyo ndiyo riziki ya mwenye kitabu.

Kama hauamini, jaribu kununua matokeo yote matatu. Weka 47,620 kwa nyumbani, 31,250 kwa sare, 29,410 kwa mgeni. Umetumia 108,280. Sasa hauwezi kukosa, chochote kitakachotokea uwanjani umeshinda. Na utalipwa kiasi gani? Karibu 100,000, matokeo yoyote yale. Umeshinda kwa uhakika na umepoteza 8,280 kwa uhakika.

Kwa hiyo odi siyo utabiri. Ni bei, kama bei ya sabuni dukani. Muuza duka anaangalia sabuni ina thamani gani, halafu anaongeza kidogo, maana na yeye anataka kula. Watu wengi wakikimbilia timu moja, kwa kawaida mwenye kitabu anashusha odi ya timu hiyo na kupandisha nyingine, ili kitabu chake kisilemee upande mmoja. Ndiyo maana ukiangalia odi asubuhi na ukiangalia jioni hazifanani.

Neno letu "pari" na chungu cha Paris

Sisi tuliotoka Kongo tunasema "pari". Neno hilo ni la Kifaransa, na lina historia yake pia.

Mwaka 1867 huko Paris mtu aitwaye Joseph Oller aliona kwamba wenye vitabu wanapanga bei wanavyotaka. Akaleta njia nyingine. Watu wote wanaweka pesa kwenye chungu kimoja. Mwenye chungu anakata kamisheni yake, halafu kinachobaki kinagawanywa kwa walioshinda, kila mtu kulingana na dau lake. Hakuna bei iliyopangwa kabla. Ukishinda pamoja na watu wengi, unapata kidogo. Ukishinda na wachache, unapata nyingi. Mwaka 1891 sheria ya Ufaransa iliikubali njia hiyo kwa mbio za farasi.

Chungu hicho kilifika kwenye mpira pia. Mwaka 1923 kijana wa Uingereza, John Moores, na marafiki zake wawili walichapisha kuponi 4,000 na kuzigawa nje ya uwanja wa Old Trafford, Manchester. Kuponi 35 tu ndizo zilirudi. Marafiki zake walikata tamaa wakajitoa, yeye akaendelea. Kampuni yake, Littlewoods ya Liverpool, ikawa kubwa sana na Moores akafa akiwa tajiri mkubwa. Mamilioni ya wafanyakazi walijaza kuponi kila wiki, wakisubiri matokeo ya Jumamosi.

Ile jakipoti tunayoiona leo ni mjukuu wa kuponi hiyo. Mwaka 2017 Mkenya Samuel Abisai alipatia mechi 17 zote za jakipoti ya SportPesa na akapata zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Picha yake ilizunguka Afrika Mashariki nzima. Ni kweli alishinda, hakuna uongo pale. Lakini tufanye hesabu. Kila mechi ina matokeo matatu. Mechi mbili zina njia 9, mechi tatu zina njia 27. Mechi 17 zina njia 129,140,163. Ni kweli njia zote hazina uzito sawa, kuna timu kali na timu dhaifu. Lakini ona ukubwa wa msitu ambao unatafuta mti mmoja ndani yake. Picha ya aliyeupata mti ule sote tuliiona. Waliopotea msituni hakuna aliyewapiga picha.

Leicester na 5000 kwa 1

Najua kuna mtu atasema: "Lakini kampuni nayo inapigwa! Leicester je?"

Sawa, tuongee Leicester. Kabla ya msimu wa 2015/16 kampuni za Uingereza zilitoa bei ya 5000 kwa 1 kwamba Leicester City itachukua ubingwa. Waingereza wanapenda kuandika hivyo, kwa sehemu. 5000 kwa 1 maana yake ukiweka pauni 1 unapata faida ya pauni 5,000 na pauni yako inarudi. Kwa namna yetu ya nukta ingeandikwa 5001. Tarehe 2 Mei 2016 Leicester wakawa mabingwa. Kampuni zililipa pesa nyingi kwa mashabiki wachache waliokuwa na tiketi hizo.

Mimi napata masomo mawili hapo. La kwanza, hata mwenye kitabu hajui nani atashinda. Alikosea, tena sana. La pili, pamoja na kukosea vile, kampuni hazikufa. Kwa nini? Kwa sababu kila mwaka watu wanaweka dau kwa timu nyingine zote, na timu moja tu ndiyo inakuwa bingwa. Mwenye kitabu anaweza kupigwa siku moja. Kitabu chenyewe kinahesabiwa kwa miaka. Na baadhi ya waliokuwa na tiketi za Leicester waliogopa katikati ya msimu, wakauza tiketi zao mapema kwa kampuni. Walichukua pesa nzuri, lakini kidogo sana ukilinganisha na ile ambayo wangepata wakisubiri mpaka Mei.

Maskini na sheria

Kuna kitu kingine nilikiona kwenye historia hii, na kilinigusa kama mkimbizi. Sheria mara nyingi inamwangalia maskini kuliko tajiri.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1906 ya kukataza kubeti barabarani. Tajiri hakuguswa, yeye alienda uwanja wa mbio au alibeti kwa mkopo kwa mtu wake. Mfanyakazi wa kawaida hakuwa na mkopo wala nauli ya kwenda uwanjani, alikuwa na sarafu mfukoni na kona ya mtaa wake. Je, aliacha? Hapana. Walitokea vijana wa kukimbiza pesa, wanakusanya madau mtaani kwa siri na kumpelekea mwenye kitabu. Hali ikaendelea hivyo zaidi ya miaka 50. Mwishowe sheria ya mwaka 1960 ikaruhusu, na mwaka 1961 maduka ya kubeti yakafunguliwa kihalali.

Kwetu huku duka lilikuja halafu likaingia kwenye simu. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na nchi jirani zikafuata na pesa za simu. Ilikuwa kitu kizuri. Hata sisi kambini tunapokea na kutuma kwa simu, ndugu anatusaidia kutoka mbali kwa dakika moja. Lakini njia inayoleta pesa ndiyo njia inayoitoa. SportPesa ilianza Kenya mwaka 2014. Mwaka 2017 jina lake lilikuwa kwenye jezi ya Everton, na Julai ya mwaka huo Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Wayne Rooney alifunga. Vijana wa nchi zetu walimwona Rooney kwenye ardhi ya Afrika Mashariki, na kifuani ameandikwa jina la kubeti. Baada ya hapo nani atamwambia mtoto kwamba kubeti siyo sehemu ya mpira?

Serikali zikaanza kushtuka. Mwaka 2019 Kenya ilikataa kurudisha leseni za kampuni nyingi. Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2016 inasema mtu mwenye miaka chini ya 25 haruhusiwi kubeti. Ndiyo, 25, siyo 18. Nilipowaambia wenzangu, wengi hawakuamini. Mdogo wangu ana 19 na hakuna aliyemuuliza kitambulisho siku ile. Mimi mwenyewe sijafika 25. Yaani karibu kila kijana ninayemwona kwenye kile kibanda, sheria inasema asiwe pale. Sheria iko kwenye karatasi, kibanda kiko barabarani.

Sasa turudi kwenye mechi tano

Sasa naweza kumjibu mama.

Mdogo wangu hakununua mechi sita. Alinunua kitu kimoja: zote sita kwa pamoja. Odi zinazidishwa. 1.45 mara 1.60 mara 1.50 mara 1.75 mara 1.40 mara 1.90 ni karibu 16.2. Zidisha kwa 5,000 unapata zile 80,997. Kama angecheza kila mechi peke yake, zile tano zingemlipa kidogo kidogo na ya sita ingekula sehemu yake tu. Lakini odi 1.45 peke yake haimvutii mtu. Ukiweka 1,000 unapata faida ya 450. Ndiyo maana watu wanaunganisha, namba ya chini ikue.

Shida ni kwamba ukizidisha odi, unazidisha na makato ya kampuni. Tuchukue kwamba kwenye kila mechi kampuni inabaki na asilimia 7. Yaani kwenye kila 1,000 inayobetiwa, kwa wastani 930 inarudi kwa wachezaji. Ukicheza mechi moja, ni hiyo 930. Ukiunganisha mbili, inakuwa 865. Nne, 748. Sita, 647. Kwa hiyo kwenye tiketi ya mechi sita kampuni haikati tena asilimia 7, inakata zaidi ya 35. Ndiyo maana utaona wanatoa bonasi ukiongeza mechi. Muuzaji anakupa punguzo kwenye bidhaa ambayo inampa faida kubwa zaidi.

Tuchukue tiketi 100 kama ile ya mdogo wangu, kila moja ya 5,000. Wachezaji wameweka 500,000. Kwa hesabu hiyo, kwa wastani tiketi 4 tu kati ya 100 zitashinda. Zinalipwa karibu 324,000. Zingine 96 hazipati kitu.

Halafu nikapiga hesabu moja zaidi, na hii ndiyo ilinishangaza kuliko zote. Katika zile tiketi 100, ni ngapi zitakosa kwa mechi moja tu? Karibu 17. Yaani kwa kila mtu anayeshinda, kuna watu wanne wanaokwenda nyumbani wakisema, "Jamani, ilibaki moja tu!"

Mdogo wangu alifikiri alikuwa karibu. Wiki nzima alisema, "Mbona nilikaribia, wiki ijayo nitapata." Lakini kukosa kwa mechi moja siyo dalili kwamba unakaribia. Ni jambo la kawaida kabisa, tiketi imepangwa hivyo. Aliyekosa kwa moja wiki hii na aliyekosa kwa nne wote wanaanza upya wiki ijayo, na nafasi ni ileile, 4 kati ya 100.

Nilimwekea mama hesabu hii kwa kutumia punje za mahindi kwenye sahani. Aliisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Basi haikupotea. Iliuzwa." Mama hajasoma sana lakini alielewa haraka kuliko mimi.

Kwa vijana na kwa mashirika

Sitaki kuandika kama mtu msafi. Mimi mwenyewe nilibeti. Mwaka juzi, nilipokuwa sina kazi ya kujitolea wala shamba, nilikuwa kwenye kile kibanda karibu kila Jumamosi. Sikuwa mjinga na sikuwa mvivu. Nilikuwa sina kitu kingine ambacho kingeweza kugeuza 2,000 kuwa nauli ya kwenda Mbarara. Ndugu zetu mkituona pale, mjue hilo kwanza. Pesa ya chakula imepungua, tumepangwa kwa makundi, wengine wametolewa kabisa. Mtu mwenye 5,000 isiyotosha kitu anaona kwamba hata akiipoteza hajapoteza mengi. Mawazo hayo ndiyo yanajaza kibanda.

Kwa hiyo nyinyi wa mashirika, msije na semina ya kusema kubeti ni kubaya halafu mkaondoka. Tumeshasikia. Leteni hesabu. Mimi nilijaribu kwenye kituo cha vijana na kopo la maharagi. Kila kijana alipewa punje 10, mimi nikawa kampuni. Tunarusha sarafu, kila mtu anachagua upande, anaweka punje tano kila mara, na akishinda namlipa tisa. Yaani odi 1.80, wakati bei ya haki ya sarafu ni 2.00. Mwanzoni walinicheka, kuna kijana alinikamua kweli. Baada ya mirusho kama 30 maharagi mengi yalikuwa kwenye kopo langu, na wengi walikuwa wamekaa pembeni wanaangalia. Sikumwibia mtu. Sarafu ilikuwa nzima na waliirusha wenyewe. Hapo ndipo msichana mmoja aliniuliza, "Kaka, kumbe ulikuwa unatulipa kwa maharagi yetu?" Nikamwambia ndiyo, na ya mshindi yalitoka kwa jirani yake, siyo kwangu.

Na nyinyi vijana, sitawaambia mwache, kila mtu ana kichwa chake. Ila kabla ya kuweka pesa fanya vitu viwili. Chukua 100 ugawe kwa kila odi ya mechi moja, ujumlishe, uone imepita 100 kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo bei ya kuingia. Halafu jiulize hiyo pesa ni ya nani. Ile 5,000 ilikuwa ya mashine ya kusaga, ilikuwa na wenyewe sita nyumbani.

Mdogo wangu aliirudisha. Alikwenda kulima kwa mtu asubuhi mbili, akaleta shilingi kwa mama bila kusema kitu, mama akazipokea bila kusema kitu. Ile tiketi bado iko nyumbani, mama ameibandika ukutani karibu na kalenda. Mdogo wangu alimwomba aitoe, mama akakataa.

Anayetaka kurudia hesabu hizi pole pole, mimi niko kituo cha vijana kila jioni baada ya saa kumi. Njoo na karatasi yako. Maharagi yapo.